Waya wa Kati

Katika mtaa ule hapakuwa na mtu wa kufikisha ujumbe kama Mama Kasuku. Mpe maneno yako asubuhi, jioni yamefika, na halipungui hata moja. Kuongezeka, yaliongezeka, hilo halina ubishi. Mengine yalinawishwa uso njiani, mengine yakabadilishwa nguo, na yale yenye harufu aliyaacha nje ya mlango. Kwa hiyo tuseme yalipungua kidogo. Lakini yalifika! Hayakuwa yale yale, ila yalifika.

Jina la Kasuku alipewa na majirani, na halikumfaa hata kidogo, maana kasuku hurudia alichosikia.

Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa aliitwa Rula, kwa sababu hakuweza kuona picha imepinda ukutani bila kuinyoosha, hata ukuta ukiwa wa watu. Mdogo aliitwa Chapu, kwa sababu alizaliwa mkunga akiwa bado anavua viatu mlangoni, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsubiri mtu. Baba yao alikuwa fundi redio. Alipofariki aliwaachia karakana, benchi refu la mbao lililojaa madoa ya kulehemu, na desturi moja: ukimtengenezea mtu redio, usimpe hivi hivi. Mwambie kwanza aitikise, aigonge mgongoni, achomoe waya wowote autakao na kuurudisha. Ikiendelea kuimba, kazi imekwisha. Ikinyamaza, irudi benchi.

Zama za redio zilipita, watoto wakawa mafundi wa mitandao ya kompyuta, lakini desturi ilibaki. Mteja alipewa ruhusa ya kuchomoa chochote. Na benchi lilibaki. Mama Kasuku alikuwa akikaa mwisho wa benchi lile akichambua maharage, mumewe akiwa upande wa pili na moshi wake wa kulehemu, na mara nyingine punje iliruka ikamwangukia mzee ndani ya redio ya mtu. Hakuna chombo nyumbani alichokipenda kama kile, na hata si cha nyumbani.

Sasa benchi hilo lilikuwa likatwe katikati kwa msumeno.

Mambo yalianzia kwenye ghala moja la vifaa. Chapu alipewa kazi ya kufunga nyaya mbili, ili mmoja ukikatika mwingine ubebe mzigo. Akafunga mbili kweli, ila kwa haraka zake alizichomeka zote kwenye boksi moja. Boksi lilipokufa, nyaya zote mbili zilikufa nalo. Ikawa kama mtu mwenye miavuli miwili aliyeiacha yote kwa shemeji yake. Rula ndiye aliyesutwa, mbele ya wapakiaji mizigo, na aliporudi karakana alikuwa amevimba.

"Wewe si fundi," alimwambia mdogo wake. "Wewe ni mfunga kamba za viatu."

"Na wewe ni rula," Chapu akajibu. "Rula haichori kitu. Hushikiliwa tu ili wenzake wachore."

Maneno yakaingia ndani na kukaa. Tangu siku ile hawakusemeshana. Walibakiwa na kazi moja tu waliyoitilia sahihi pamoja, ya hospitali ya uzazi, na wakaapa, kila mmoja mbele ya mama yake kwa wakati wake, kwamba siku kazi hiyo ikipokelewa, karakana inagawanywa, benchi likiwemo.

Wiki hiyo hiyo mguu wa Mama Kasuku ukaanza kuuma. Aliteleza kwenye ngazi ya nyuma, alisema. Hakuna jirani aliyemwona akianguka, lakini majirani nao hawaoni kila kitu, hata wakijitahidi. Akanunua mkongojo. Watoto wake, waliokuwa wameanza kuhesabu vya kugawana, wakalazimika kuja nyumbani kila siku kumkanda, na kwa vile hawakutaka kukutana, Rula alichagua asubuhi na Chapu akachagua jioni.

Asubuhi moja Rula alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, mguu wa kulia ukiwa kwenye paja lake, akiupaka mafuta kwa mistari iliyonyooka kutoka gotini hadi kwenye kifundo.

"Hiyo kazi ya hospitali imefika wapi?" Mama akauliza.

"Inakwenda. Tumebakiza swichi."

"Swichi! Siku zote hizo mnafunga swichi? Mimi yangu ya jikoni baba yenu aliifunga huku anakula."

"Siyo ya taa, Mama. Hii ni ya mtandao. Ni boksi lenye matundu mengi. Kompyuta zote zinachomekwa humo, kisha lenyewe linachukua maneno ya hii na kuyapeleka kwa ile."

"Kama mimi."

"Kama wewe, Mama. Ila lenyewe haliongezi neno."

Mama Kasuku alijifanya hakusikia. "Na mmefunga moja?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya yule." Siku hizi mdogo wake aliitwa yule. "Ile kompyuta kubwa, seva, inayotunza habari za wagonjwa wote, ina nyaya mbili, mmoja kwa kila boksi. Chukulia ndoo kubwa ya maji iliyoshikwa na watu wawili. Wakiwa wazima wote, inakwenda upesi na haichoshi. Mmoja akijikwaa, mwingine anabaki nayo, maji hayamwagiki. Na kila chumba muhimu kina kompyuta mbili, moja kwangu, moja kwa yule. Boksi moja likifa, mkunga ana pa kusomea."

"Na hiyo ndoo inajua imeshikwa na watu wawili?"

Rula akacheka kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. "Hapo ndipo penye ufundi. Haijui. Inadhani imeshikwa na mtu mmoja mwenye mikono miwili. Ndiyo maana maboksi yenyewe lazima yaongee muda wote. Kuna waya katikati yao, kutoka boksi hadi boksi. Mtu akija kwangu kumbe anamtafuta aliye kwako, nakupitishia."

"Na yasipoongea?"

Mikono ya Rula ilikawia kwenye kifundo cha mguu. "Yasipoongea, kila moja linajiona ndilo bwana mkubwa."

Mama Kasuku aliutazama utosi wa mwanawe, nywele zilikoanza kupungua kwa mstari ulionyooka, kama yeye mwenyewe.

"Basi huo waya wa kati anaufunga nani?" aliuliza baadaye.

Uso wa Rula ukajifunga tena. "Mwambie aufunge yeye. Si ndiye hodari wa kufunga kamba?"

Jioni Chapu akaja, akatupa viatu mlangoni, akauvuta mguu wa kushoto na kuanza kuusugua kwa kasi kama sufuria lililoungua.

"Taratibu, huo ni mguu, si sahani!"

"Samahani, Mama. Haya, yule bwana anasemaje leo?"

Hapo Mama Kasuku alikuwa na la kufikiri. Ujumbe aliopewa ulikuwa na harufu. Mtoto kama Chapu ukimpelekea amri, atakurudishia jiwe. Zawadi, lakini, nani anarudisha zawadi? Wiki iliyopita alikuwa amemfikishia kila mmoja samahani ya mwenzake, samahani mbili nzuri, zilizopikwa zikaiva, wala hakuna aliyezituma. Zilipokelewa kwa kuguna, lakini zilipokelewa. Mtu aliyekwisha kutengeneza samahani hashindwi na waya.

"Kaka yako anasema waya wa kati ataufunga yeye," alisema. "Anasema wewe umeshafanya kazi kubwa. Upumzike."

Mikono ya Chapu ilipunguza mwendo. "Amesema nipumzike?"

"Pumzika, mdogo wangu. Hivyo hivyo."

"Kaka?"

"Una mwingine?"

Chapu aliusugua mguu kimyakimya, na kwa mara ya kwanza alipita hata kwenye vidole. Kisha akakumbuka kwamba amenuna. "Basi mwambie aufunge. Rula si ndiyo ya kupimia katikati?"

Asubuhi ujumbe huo nao ulinawishwa uso. "Mdogo wako," Mama Kasuku alimwambia Rula, "anasema waya wa kati uachiwe yeye. Anasema haifai kaka mtu apige magoti nyuma ya kabati na mdogo yupo."

Rula alikohoa. Alikunja kitambaa cha mafuta mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena pembe kwa pembe. "Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Wala hakuona ubaya. Waya wenyewe, kwa jinsi alivyoelezwa, haukuzidi urefu wa mkono. Jambo dogo kama lile watu wawili wazima wangeligombania vipi? Kwamba wangeweza kuliacha wote wawili kwa adabu, hilo halikumpitia kichwani.

Na kwa kuwa hawakutaka kukutana hospitalini pia, Rula aliingia asubuhi na Chapu akaingia mchana. Rula alipotaka kulijaribu boksi lake alilizima kwanza la mdogo wake, ili lisimwingilie. Kila kitu kikaenda vizuri. Chapu alipotaka kujaribu lake alilizima la kaka yake, ili lisimpotezee muda. Kila kitu kikaenda vizuri. Kila mmoja akiondoka aliliacha la mwenzake limezimwa, limekaa kando kama kofia ya mgeni, na kila mmoja aliliona lile tundu la waya wa kati likiwa tupu, akasema moyoni, ah, mwenyewe atakuja kumalizia.

Siku ya makabidhiano ilifika, siku tulivu, na feni za ukumbini zikizunguka pole pole. Hospitali ilikuwa imepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kuanzia hapo kwenda juu, na kwenye mabenchi wanawake wenye matumbo makubwa walikaa wameegemea ukuta, miguu wameinyoosha. Mama Kasuku aliingia na mkongojo wake mkono mmoja, kikapu chenye chupa ya chai na vikombe mkono wa pili.

Matroni, msimamizi wa wauguzi, alimkuta mlangoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kuwaambia watu wasukume.

"Karibu, mama. Umemleta nani?"

"Nimeleta mguu."

"Mama yangu, hapa ni hospitali ya uzazi."

"Na mimba za mafundi wenu wawili zilibebwa na nini kama si mguu huu? Upimeni mlipe deni."

Matroni akacheka hadi kofia ikamkaa upande, akamwacha apite.

Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya mablanketi, na mablanketi mengine bado yalikuwamo, yamepangwa kona moja hadi usawa wa kiuno. Kona ya pili lilisimama kabati la chuma, na ndani yake maboksi mawili, moja juu ya jingine, yenye vitaa vidogo vidogo. Rula alisimama kushoto kwa kabati, Chapu kulia, na kila mmoja alizungumza na kabati.

"Tuwashe yote mawili," Rula aliliambia kabati.

"Yawashwe," Chapu akaliambia naye.

Yakawashwa. Ikawa mara ya kwanza tangu yafungwe kwa maboksi yale kuwa macho pamoja. Vitaa vikawaka kijani, Matroni akasema ee, vinapendeza, na Chapu akaenda naye chumba cha kujifungulia kujaribu kompyuta za huko, Rula akabaki kabatini. Mama Kasuku alikaribishwa kiti cha ukumbini, katikati ya milango miwili, akamimina chai.

Kompyuta ya kwanza ilifungua faili la mama mmoja bila shida. Ya pili, iliyo pembeni yake, ikakataa. Chapu akajaribu faili jingine. Sasa ile ya pili ikafungua na ya kwanza ikakataa. Muuguzi wa mapokezi akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti kwamba yake inafungua wagonjwa baadhi tu, kama inawachagua.

"Hii ni ya aina gani?" Matroni akauliza. "Inafanya kazi kwa huyu, haifanyi kwa yule?"

"Jana mchana ilikuwa inafanya kazi kwa wote," alisema Chapu, na hakusema uongo.

"Jana asubuhi ilikuwa inafanya kazi kwa wote," Rula akasema kule kabatini peke yake, naye hakusema uongo.

Kisha Rula akatoa kichwa ukumbini. "Mama, mwambie ajaribu ile ya pembeni."

Chumba hadi chumba palikuwa na hatua chache tu, sauti yake ilisikika hadi kwenye mizani ya watoto. Lakini Mama Kasuku aliweka kikombe chini, akashika mkongojo, ko, ko, ko, akafika.

"Kaka yako anakuomba ujaribu ile ya pembeni, kama hutachoka."

"Mwambie nimeshaijaribu. Macho yangu si ya mapambo."

Ko, ko, ko. "Mdogo wako ameijaribu kwa moyo wake wote, mwanangu."

"Mwambie atazame kama waya wake umekaa."

"Anasema nyaya zako zinapendeza, ila utazame tena."

"Mwambie zangu zimekaa, atazame zake."

"Anasema na zako zinapendeza."

Wanawake wa mabenchini waliacha kusinzia. Mmoja alimpisha miguu kila alipopita. Kadiri safari zilivyozidi, mkongojo ulizidi kugonga kwa nadra, na Matroni, aliyekuwa amesimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni, akaanza kumfuata nyuma, kwenda na kurudi, kimya, kama mtu anayefuata hadithi.

"Hivi hawa hawana simu?" alimnong'oneza.

"Wanazo. Hawana ndimi."

Kule kabatini Rula alikuwa amepiga magoti na tochi. Alitazama nyuma ya maboksi kwa muda, kisha akanyanyuka taratibu, na safari hii hakupaza sauti.

"Mama. Mwambie hivi: kwa nini hakuufunga waya wa kati, alioomba mwenyewe?"

Mama Kasuku alishika mkongojo wake. Alitoka. Alikwenda pole pole sana, kuliko mguu wowote ulivyomlazimu. Alisimama mbele ya Chapu, akatabasamu.

"Kaka yako anauliza kama umekunywa chai."

"Hakusema hivyo," alisema Matroni nyuma yake.

"Kasema kwa ndani."

"Mama, nilikuwa mlangoni pale. Amesema, kwa nini hakuufunga waya wa kati, alioomba mwenyewe."

Chapu aliacha kompyuta. "Aliouomba nani?"

"Mwanangu, chai itapoa."

"Niliuomba mimi?" Na Chapu, ambaye hakuwahi kumsubiri mtu, hakumsubiri hata mjumbe. Alivuka ukumbi kwa hatua zake mwenyewe, akasimama mbele ya kaka yake, na kwa muda kila mmoja alitafuta kabati la kuzungumza nalo, lakini kabati lilikuwa upande mwingine.

"Wewe ndiye uliyesema utaufunga," alisema Chapu. "Uliniambia nipumzike."

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema niuache. Ulisema haifai kaka mtu apige magoti."

"Nilisema hivyo lini?"

"Jumatatu. Kwa..." Rula akanyamaza.

"Kwa nani?"

Wote wawili wakageuka. Mama Kasuku alikuwa ameingia na kukaa juu ya mablanketi, kikapu magotini, akihangaika na kifuniko cha chupa ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Ngoja," Chapu alisema. "Ile samahani ya wiki ile. Kwamba ulikosea kuniita mfunga kamba, na usiku hukulala."

"Mimi nikose usingizi? Nalala kama gogo. Wewe ndiye uliyeleta samahani. Kwamba hata baba alikuwa akishikilia rula ndipo achore."

"Sijawahi kusema kitu kizuri hivyo."

"Ndiyo maana nilishangaa."

Vitaa vya kijani viliendelea kukonyeza. Matroni aliwatazama mmoja mmoja, kisha akayatazama maboksi.

"Kwa hiyo tatizo liko wapi?" aliuliza. "Mimi nina watu wanazaa."

Rula akamweleza. Seva inashika maboksi yote mawili ikidhani ni moja, kwa hiyo majibu mengine inayarusha huku na mengine kule, ikijua yatafika tu. Jibu likiangukia boksi la juu wakati aliyeuliza yuko boksi la chini, inabidi lipitishwe kwa waya wa kati. Waya haupo. Jibu linasimama pale juu, halina pa kwenda.

"Na hamkuliona hilo mlipojaribu?"

"Kila mmoja alijaribu mwenzake akiwa amezimwa," alisema Chapu, akitazama viatu vyake.

"Ajabu," Matroni akasema. "Ungedhani mmefanya makusudi."

Chapu aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa waya mfupi mnene. Rula alikuwa ameshatoa wa kwake. Wakasimama kila mmoja na waya wake, wakitazamana.

"Wa kwako mzuri," Rula akasema. "Tuufunge huo."

"Lakini wa kwako umeandikwa jina."

"Basi funga wako, na wangu uwe wa akiba. Hata hapa ni bora viwe viwili."

Wakazifunga zote mbili, sambamba. Rula alishika ncha za juu na kuzinyoosha kabla ya kuzichomeka, Chapu chini akachomeka zake na kumaliza na kumsubiri, kwa kweli akamsubiri, huku amepiga magoti. Vitaa viwili vipya vikawaka, vikapepesa, vikatulia.

"Nimekusamehe tangu wiki ile," Chapu alisema kutoka chini.

"Na mimi nilikusamehe."

"Sasa samahani zenyewe zilikuwa bandia. Tunarudisha?"

"Rudisha wewe kwanza, wewe ndiye mwenye haraka."

Ikabaki desturi ya baba yao. Rula alimwonyesha Matroni kabati kama mtu anayemkaribisha mezani. "Chomoa utakacho."

"Chochote?"

"Chochote."

Matroni hakuchezea nyaya. Alinyoosha mkono wake mpana, akakamata boksi la juu kwa kamba ya umeme, akaing'oa kama anamtoa mtoto. Vitaa vya boksi lile vikazimika vyote. Wote wakakaza masikio, hata Mama Kasuku.

"Mapokezi!" Matroni akapaza sauti. "Unafungua?"

"Moja imezimika, dada, ila hii nyingine inafungua! Wote!"

"Chumba cha kujifungulia!"

"Inafungua!"

Akaichomeka, akasubiri kidogo, akang'oa la chini. Ikafungua tena. Akang'oa waya mmoja wa seva, kisha akaurudisha na kung'oa wa pili, na aliendelea kung'oa na kurudisha hata baada ya kuridhika, kwa sababu ilimfurahisha.

"Nimepokea," alisema mwishowe. "Mnastahili chai."

"Chai ipo," sauti ikasema kutoka kwenye mablanketi. Kisha, baada ya vikombe kugawanywa: "Na benchi je?"

"Benchi lipi?" akauliza Rula.

"La kukatwa."

"Msumeno si uko kwa kaka," Chapu akasema upesi.

"Haupo. Nimemwazima mtu."

"Nani?"

"Mtu tu. Simfahamu sana." Rula alikunywa chai yake akitazama ukuta, na ilionekana wazi ni nani aliyemzaa.

Mama Kasuku alishusha pumzi. Alikusanya vikombe, akavipanga kikapuni kwa utulivu wa mtu aliyesamehewa bila kuulizwa, na watoto wake wakaanza kubishana nani amrudishe nyumbani. Yalikuwa mabishano mazuri, ya sauti ya juu, mdomo kwa sikio, bila mtu katikati.

"Nitamchukua mimi, nina kiti cha mbele. Huo mguu wa kulia hautaki kukunjwa."

"Wa kushoto," alisema Chapu.

"Wa kulia. Mimi naukanda kila asubuhi, nisiujue?"

"Na mimi ninayeukanda kila jioni? Ni wa kushoto, kaka. Una kovu dogo hapa la pasi."

"Kovu analo, ndiyo. Lakini unaouma ni..." Rula akaishia hapo.

Mafundi wawili waligeuka kwa pamoja, mmoja kutoka kushoto na mmoja kutoka kulia, na Matroni pia, kikombe kikiwa mdomoni.

Mama Kasuku alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Kikapu alikuwa amekikumbatia kwa mikono miwili, mkongojo ukiwa kwapani, na alikuwa akitembea, kwa kweli alikuwa akitembea vizuri sana.

"Mama," Rula akaita. "Mguu gani unaouma?"

Akasimama. Wanawake wa mabenchini wote wakamtazama miguuni.

"Leo?" alisema Mama Kasuku. "Leo unauma ule wa..." Akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake yote miwili, kama mtu anayengoja mmojawapo ujitolee.